Matope ya vyoo Likasi: kabla ya kukataza, tuonyeshane pa kupeleka

Kila mwaka, mvua ya mwezi wa kumi na moja ikianza, mashimo ya vyoo yanajikumbusha kwetu. Maji yanapanda ndani ya ardhi, shimo lililokuwa na nafasi wakati wa kiangazi linajaa, na mwenye parseli anaanza kuuliza majirani: vidanjeri wa bei ya kati anapatikana wapi? Mwenye makuta anaita kamio. Asiye nayo anaita vijana wenye mapipa na majembe. Wanafika usiku, asubuhi shimo liko wazi, kila mutu anashukuru Mungu. Swali la pili halina mwenye kuliuliza: ile matope yote imeenda wapi?

Sisi wa Likasi tunajua majibu, hata tukinyamaza. Mengine yanafukiwa mu shimo lingine palepale mu parseli, hatua chache toka kisima. Mengine yanamwagwa bondeni, na maji ya mvua yanamaliza kazi. Mengine yanakauka na kuwa mbolea ku mashamba ya mahindi na ku bustani za lengalenga. Leo tunataka kuzungumza juu ya hii njia ya tatu, sababu njo yenye faida na njo yenye kuogopesha. Nchi nyingi zimeshaiwekea mipaka ili kulinda maji. Je, mji wetu nao uweke mipaka? Tunajibu ndiyo. Lakini si kwa kunakili karatasi ya wengine, wala si kwa kuanza na neno "marufuku".

Mbolea ni ya kweli

Tuanze kwa kusema haki. Anayetia matope ya choo shambani si mchawi, wala si mtu wa kuchekwa. Udongo wetu mwekundu una asidi na unachoka upesi. Engre ya duka inatoka mbali, na franka ikishuka mbele ya dola, mfuko unapanda bei. Ndani ya matope ya choo kuna azoti na fosfori, ni vilevile vitu tunavyonunua mu ule mfuko, na tena kuna ile mboji nyeusi ambayo mfuko hauna. Mu 2013, watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walichapisha kazi yao juu ya kutumia uchafu wa binadamu uliosindikwa ili kuongeza mavuno ya mahindi katika eneo la Lubumbashi. Kwa hiyo si maneno ya ba mama wa bustani peke yao. Hata wenye elimu wameyachukua kwa uzito.

Majirani pia wanafanya. Kule Kampala, mtambo wa Lubigi ulifunguliwa mu 2014. Makamio ya kuvuta vyoo yanaruhusiwa kumwaga pale, matope yanakaushwa kwenye vitanda vya mchanga, na wakulima wanakuja kununua yaliyokauka. Tuweke huu mfano akilini, tutaurudilia.

Ulaya na Amerika waliweka mipaka gani?

Umoja wa Ulaya ulitoa sheria yake mu 1986. Ilisema matope ya mitambo ya kusafisha maji machafu yanaweza kwenda shambani, lakini kwa masharti: yapimwe, udongo upimwe, na shamba la mboga au matunda yanayogusa udongo na kuliwa mabichi lisipokee matope miezi 10 kabla ya mavuno. Ufaransa, kwa amri ya tarehe 8 mwezi wa kwanza 1998, iliweka hesabu kali zaidi. Kutoka kisima au chemchem, metre 35; shamba likiwa na mtelemko wa kupita asilimia 7, metre 100. Na udongo ukiwa na zaidi ya miligramu 100 za shaba mu kilo moja, hauruhusiwi kupokea matope hata kijiko.

Uswisi ilienda mbali zaidi. Toka 2003 ilianza kufunga mlango hatua kwa hatua, mashamba ya mboga na ya majani ya ng'ombe yakitangulia, na leo matope yake yanachomwa. Jimbo la Maine, kule Marekani, lilikataza kabisa mu 2022, sababu walikuta ndani ya matope kemikali za viwandani zisizooza, zilizokwisha kuingia visimani na mu maziwa ya ng'ombe.

Hapo somo linaanza. Uswisi ilikuwa na majiko ya kuchomea, hivyo katazo lake lilikuwa na mahali pa kupelekea. Maine haikujiandaa vile. Mu 2023, mwaka mmoja tu baada ya sheria, jalala kubwa lililokuwa likipokea matope likasema halina tena uwezo, na mitambo ya miji ikabaki na matope mikononi. Ikabidi makamio yavuke mpaka na kuyapeleka Canada. Kama nchi yenye barabara, makamio na dola imefika pale, sisi wa Kikula na Panda tutafika wapi?

Tuseme wazi. Kama kesho asubuhi mji unatoa arete ya kukataza matope shambani, na hautoi kiwanja cha kuyapokea, hakuna hata pipa moja litakalopungua. Vyoo vitaendelea kujaa. Kijana wa mapipa, aliyekuwa akipeleka matope kwa mkulima mchana, atayapeleka bondeni usiku. Tutakuwa tumelinda shamba na kuchafua mto, na arete yenyewe itakuwa imeandikwa kwa jina la maji.

Uchafu wa aina mbili

Ili kuandika mipaka yenye maana, lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya.

Cha kwanza ni vidudu: vya kolera, vya tifoidi, mayai ya minyoo. Hivi tunavijua kwa machozi. Mwanzo wa 2008 kolera ilipiga Likasi na Lubumbashi kwa nguvu, na Haut-Katanga imebaki kati ya provensi ambazo ugonjwa huu unarudirudi. Lakini vidudu vina udhaifu wao: vinakufa. Vinahitaji muda, ukavu na joto. Shirika la Afya Duniani, OMS, mu mwongozo wake wa 2006, linasema uchafu wa choo uliowekwa mahali pakavu, kwa joto la digrii 20 mpaka 35, ukae zaidi ya mwaka mmoja bila kuongezwa mpya. Ukichanganywa na chokaa mpaka pH ipite 9, zaidi ya miezi 6 inatosha. Mayai ya minyoo njo yanachelewa kufa. Hayo yakifa, mengi mengine yameshatangulia.

Cha pili ni metali. Shaba, kobalti, risasi, kadimiamu, uraniamu: hizi hazifi. Ukiziweka kivulini au juani, mwaka mmoja au mia, zinabaki. Ndizo zilizoujenga mji huu toka wakati ulipoitwa Jadotville, na ndizo zinazofanya Likasi isifanane na Kampala wala na kijiji cha Ufaransa.

Ku Ulaya, wanaogopa matope ya mji yasichafue udongo safi wa mkulima. Hapa kwetu, mara nyingi udongo njo ulitangulia kuchafuka. Karibu na Shituru, vumbi na moshi vya mitambo vimeanguka juu ya ardhi karibu miaka mia sasa. Na hata pale ambapo mtambo haujafika, kuna mahali ardhi yenyewe imezaliwa na shaba. Tukichukua ile amri ya Ufaransa ya miligramu 100 na kuifuata neno kwa neno, kuna vipande vya mji ambavyo havitapokea matope hata siku moja. Pale ile amri ingekuwa na haki, lakini kwa sababu nyingine: juu ya kile kilichomo tayari mu udongo, ambacho lengalenga inakivuta mpaka mu sahani.

Na kuna tundu kubwa zaidi. Mu liste ya metali za sheria ya Ulaya tunakuta kadimiamu, shaba, nikeli, risasi, zinki na zebaki. Kobalti haimo. Uraniamu haimo. Wao hawakuwa na sababu ya kuziandika. Sisi tunayo. Mu 2009, watafiti wa UNILU na wenzao wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu wa kusini mwa Katanga: kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko yote iliyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida, watu ambao kazi yao si ya mtambo. Arete ya Likasi yenye kunakili liste ya Ulaya itaacha nje ile metali inayotuhusu kupita zote.

Je, hayo yanamaanisha matope yenyewe ni sumu? Hapana, na hapa lazima tuwe waangalifu. Matope ya choo cha nyumba, bila kuchanganywa na kitu, kwa kawaida hayana metali nyingi. Hatari inaingia pale choo kinapopokea mengine: maji ya kuoshea mawe, mafuta ya garage, asidi ya batri, vumbi la nyumba ambamo mawe yanasagwa. Zaidi ya hayo, mboji inaweza kusaidia: inashika shaba isitembee, na chokaa inapunguza asidi ambayo inaiachilia. Kule Lubumbashi, mu kartie ya Penga Penga, watafiti walijaribu vilevile mboji na chokaa ili majani yaweze kuota juu ya udongo uliouawa na moshi wa mtambo. Kwa hiyo matope yaliyokomaa vizuri, juu ya kilima kisicho cha mboga, yanaweza kuwa dawa. Yaleyale, mabichi, mu bustani ya bondeni wakati wa mvua, yanakuwa ugonjwa.

Jiwe la Kakontwe

Kuna kitu kingine cha Likasi ambacho karatasi ya wengine haiwezi kukijua. Ni jiwe la Kakontwe. Kila mtu anajua kule wanachimba jiwe la chokaa. Wajuzi wa ardhi wameliita tabaka lote la jiwe hilo kwa jina la Kakontwe, hata mbali na mji wetu. Jiwe la namna hiyo linaliwa na maji polepole, linafanya nyufa na mapango. Mu udongo wa mchanga au wa tope, maji yanachujwa yakishuka. Ndiyo maana mtu wa Paris anaweza kuandika "metre 35" na kulala usingizi. Mu nyufa za jiwe la chokaa, maji machafu yanakimbia bila kuchujwa, na yanaweza kutokea mbali kuliko mtu anavyofikiri.

Ni jambo la kutafakari: jiwe lilelile linatupatia chokaa ya kuua vidudu, na linatupatia matundu ya kuvisafirisha. Maana yake kwa arete ni rahisi. Umbali mmoja kwa mji mzima hautoshi. Pale ambapo jiwe la chokaa liko karibu na uso wa ardhi, matope yasitiwe shambani kabisa, hata kisima kikiwa mbali.

Na maji yasiyoshuka chini yanatelemka. Mvua yetu inaanguka karibu yote kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu, tena kwa nguvu. Inabeba udongo wa juu, pamoja na kilichotiwa juu yake, mpaka mto Panda. Panda inaingia Lufira. Lufira inaingia ziwa Tshangalele, nyuma ya bwawa la Mwadingusha. Samaki wa lile ziwa tunawakuta ku soko letu na ku Lubumbashi. Mu 2010, watafiti wa UNILU walichapisha kazi waliyofuatilia shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimiamu, uraniamu, vanadiamu na arseniki katika mnyororo wa chakula wa bonde la Lufira ya juu. Ziwa limeshabeba mzigo wa viwanda. Tusilibebeshe na wa vyoo.

Arete ingesema nini?

Nguvu ya kuandika tunayo. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 juu ya maji inataka sehemu za kuchotea maji zilindwe. Sheria ya 2011 juu ya mazingira inakataza kuchafua. Sheria ya 2008 juu ya miji na komine inaweka usafi wa mazingira kati ya kazi zao. Hata wakoloni walikwisha kutoa amri mu 1914 juu ya kuchafua chemchem, maziwa na mito. Karatasi hazijapungua. Kinachopungua ni ile karatasi ya chini, ya mji, inayomwambia mtu wa Likasi, mu lugha anayoisikia: wapi, lini, namna gani.

Sisi tungeanza na kiwanja. Komine zetu nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, zikubaliane juu ya mahali pamoja, mbali na mito na mbali na jiwe la chokaa, penye vitanda vya kukaushia. Vidanjeri alipe kidogo kumwaga, apewe tike. Bei ikipita makuta anayopoteza kwa kwenda bondeni usiku, hatakuja. Ikiwa ndogo, atakuja mwenyewe. Hii njo siri ya Lubigi: makamio yanafika pale sababu yana mlango wa kuingilia.

Baada ya kiwanja, kalenda. Matope yakomae kiangazi kizima na zaidi, na chokaa ya hapahapa ikiwezekana. Kuyatia shambani kufanyike kabla ya mvua, na udongo ulimwe siku ileile ili yafunikwe. Toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, hapana. Hili halihitaji mashine. Kila mkulima ana macho ya kuona mawingu.

Kisha, mmea. Matope yaende ku mahindi, ku miti ya makala, ku vilima vilivyobaki uchi. Lengalenga, matembele, nyanya na vitunguu yasiguse. Hapo tunajua tunawaumiza ba mama wa bustani za bondeni, wale wanaolisha mji huu kila siku. Kwao katazo peke yake ni hasara tupu. Kama tunawanyima matope, tuwape nafasi ya kwanza ku mboji ya majani na ya takataka za soko, isiyopita chooni. Vinginevyo tutakuwa tumechukua maji safi ya wote na kumwandikia deni mtu mmoja.

Na mwisho, kipimo. Hapa ndipo watu watasema: laboratwari iko wapi, makuta iko wapi? Tuwaulize nasi: ku depo za kununulia mawe, mchimbaji anaposhusha mfuko wake, ni nini kinatokea? Mnunuzi anachukua ile mashine ya mkono, metoreksi, anaielekeza ku jiwe, na baada ya muda mfupi anamwambia asilimia ya shaba na ya kobalti. Watoto wa mji huu wanajua neno "tenere" kabla ya kujua hesabu za shule. Mashine ya namna ileile ingeweza kuelekezwa ku udongo mkavu wa bustani. Haichukui nafasi ya laboratwari, na kwa kobalti kidogo inaweza kukosa. Lakini kwa shaba ingetupa picha ya kwanza: bustani hii iachwe, ile ipimwe vizuri zaidi, hii nyingine inaweza kupokea. Mji una Chuo Kikuu cha Likasi na vijana wanaotafuta kazi ya kumalizia masomo. Hawakosi miguu ya kuzunguka bustani.

Tumezoea kupima jiwe sababu jiwe lina bei. Tunajua tenere ya mfuko unaoondoka kwenda Uchina, lakini hatujui tenere ya bustani inayobaki na kulisha watoto wetu. Arete nzuri ya matope ingeanza kusahihisha hilo.

Kiangazi kijacho ndicho wakati wa kuchagua kiwanja na kutengeneza vitanda, sababu mvua ikirudi mashimo hayatangoja mkutano. Wakubwa wa komine wakikaa kuandika, tunawaomba waandike kwanza jina la mahali, ndipo waandike neno "marufuku". Vidanjeri wa usiku naye anataka kulala nyumbani kwake. Tumuonyeshe njia ya mchana.